Asingekuwepo, Nini Kisingefanyika?

Watu wakisikia kwamba nimewahi kukaa kwenye kamati ya kupitia mapendekezo ya nishani za taifa, swali huwa lile lile: "Hivi mtu anafanyaje mpaka avishwe?" Huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba kuna mlango wa nyuma ninaoujua. Wengine huulizia "rafiki yao", na baada ya dakika chache rafiki huyo anageuka kuwa na kazi yao, umri wao na hata jina lao. Siwacheki. Kutamani kutambuliwa si dhambi, na wengi wa hao wamefanya kazi ya maana. Ila jibu nililonalo huwa haliwafurahishi, maana sehemu kubwa ya jambo lenyewe haimo mikononi mwao.

Nilianza nikiwa upande wa pili wa meza. Nilikuwa mtumishi wa kawaida wa ofisi ya umma, nikajulikana kwamba najua kupanga maneno, basi aliyetaka kumpendekeza mtu alinijia na karatasi zake nimnyooshee. Baadaye nikaingizwa kwenye kamati ya ngazi ya chini, ile inayosoma mafaili mwanzo, inayachuja na kupeleka machache juu. Huko juu wapo wengine, na juu yao wengine tena, hadi ifike saini ya mkuu wa nchi. Nchi nyingi zina ngazi za namna hiyo. Kenya ina sheria ya nishani za taifa ya mwaka 2013 iliyoweka kamati ya ushauri. Canada ina baraza la ushauri linaloongozwa na Jaji Mkuu. Uingereza ina kamati za fani mbalimbali, afya yake, elimu yake, michezo yake. Ngazi hizi zinachosha, lakini nimeshaona yanayotokea zikirukwa, kwa hiyo sizilalamikii tena.

Mwenyekiti wetu alikuwa hakimu mstaafu. Sote tulimwita Mzee, hata wale waliomzidi umri. Hakuwa msemaji. Faili lilisomwa, yeye akisikiliza huku amefumba macho, na likiisha alivua miwani na kuuliza swali moja: "Asingekuwepo, nini kisingefanyika?"

Swali hilo liliangusha mafaili mengi kuliko kanuni zote zilizoandikwa.

Nakumbuka faili moja nene, limejaladiwa vizuri, jina la mhusika limechapwa kwa wino wa dhahabu. Ndani mlikuwa na vyeti, picha akipeana mikono na mawaziri wa vipindi tofauti, orodha ya bodi alizokalia na orodha ya mafunzo aliyohudhuria ng'ambo. Nililisoma lote kwa sauti mpaka koo likakauka. Mzee akavua miwani, akauliza swali lake. Kimya. Mjumbe mmoja akajaribu kuokoa hali.

"Aliongoza idara kwa muda mrefu, Mzee."

"Nimesikia. Asingeiongoza yeye, angeiongoza nani?"

"Naibu wake, bila shaka."

"Naye huyo naibu angeshindwa wapi?"

Hakuna aliyejua, na faili halikutusaidia. Inawezekana kabisa kwamba bwana yule alifanya makubwa. Waliomwandikia walieleza viti alivyokalia, hawakueleza alichokifanya akiwa amekaa.

Hili la cheo na nishani limesumbua mataifa mengi kabla yetu. Uingereza kwa muda mrefu kulikuwa na nafasi za utumishi ambazo mtu akizifikia nishani inamfuata karibu yenyewe, mpaka mwaka 1993 serikali ya John Major ilipotangaza kwamba sifa itangulie cheo na mwananchi yeyote aruhusiwe kupendekeza jina. Ufaransa, kwenye nishani yake ya Légion d'honneur iliyoanzishwa na Napoleon Bonaparte mwaka 1802, mtu anatarajiwa awe na angalau miaka 20 ya kazi, lakini miaka peke yake haitoshi, ni lazima iambatane na mchango uliopita wa kawaida. India wamekwenda mbali zaidi: watumishi wa serikali walio kazini hawastahili kupewa nishani za Padma, isipokuwa madaktari na wanasayansi. Wengine huona huo ni ukatili kwa watumishi. Mimi nauona una mantiki yake. Anayelipwa kufanya jambo na akalifanya vizuri anastahili mshahara, kupandishwa daraja na kuagwa kwa heshima siku ya kustaafu. Nishani ni ya kile kilichobaki baada ya hayo yote kutolewa.

Na hapo ndipo pagumu, maana hicho kilichobaki mara nyingi hakikuandikwa popote.

Faili la mkunga lilitufikia katika bahasha ya kaki iliyokwisha kutumika, anwani ya zamani imekatwa kwa kalamu. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari iliyoandikwa pande zote mbili na mama aliyejifungulia kwenye zahanati ya mkunga huyo. Hakukuwa na cheti wala picha. Sentensi zake zilikuwa fupi: siku ya tatu baada ya kujifungua mkunga alimfuata nyumbani kwa miguu, akakuta mtoto hanyonyi, akakaa naye mpaka akanyonya, akarudi tena baada ya siku mbili. Kisha ameongeza: "Hakuna aliyemtuma."

Mjumbe mwenzetu, mama mmoja makini sana, alisema jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa analifikiria. "Mkunga kazi yake si kuzalisha? Na mshahara analipwa. Tukianza hivi, wakunga wote watakuja." Ilikuwa hoja ya haki kabisa. Mzee akanigeukia. "Mwanangu, nenda ukaone."

Kwenda kuona nako kuna utaratibu wake, kwa sababu anayependekezwa hapaswi kujua. Uingereza wanalisisitiza sana hili, nasi tulifuata vivyo hivyo. Sababu ni ya utu kuliko ya siri: majina mengi huanguka njiani, na kumpa mtu tumaini halafu ulizime ni kumfanyia ubaya ambao hakuuomba. Kwa hiyo nilifika pale nikasema nimekuja kuangalia jinsi kumbukumbu zinavyotunzwa, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Mkunga alinitazama juu mpaka chini. "Kama umekuja kuangalia vitabu, angalia na paa," akasema, akanisukumia kiti kilichokuwa mahali pasipovuja.

Kitabu cha uzazi ni kile kirefu chenye safu zilizochapwa: jina la mama, umri, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, hali zao wakitoka. Wino wa bluu, mwandiko ulionyooka. Safu ya mwisho ikiisha, karatasi ina ukingo mwembamba usio na kazi, na kwenye ukingo huo ndiko nilikouona ushahidi wetu. Kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "nyumbani siku 3, damu kidogo". "Nyumbani siku 8, kitovu safi". "Mume kaambiwa". Ukurasa baada ya ukurasa, kitabu baada ya kitabu. Nikamuuliza kwa nini penseli. Akasema wino ni wa mambo ya serikali, hayo ya pembeni ni ya kwake, asije akasahau nani bado hajamwona.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka mama na mtoto waonwe siku ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, kwa sababu siku za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zinazoua zaidi. Vitabu vya mkunga yule vilianza kabla ya mwongozo huo, na tarehe zake za penseli zilikuwa karibu na zile zile.

Bado swali la Mzee lilikuwa halijajibiwa. Nikaendelea kufunua. Kisha nikagundua kwamba kuna kurasa ambazo ukingo wake ni mweupe. Safu zilizochapwa zimejazwa vizuri, kwa mwandiko wa mtu mwingine, lakini pembeni hakuna kitu. Nikauliza kwa unyonge, kama mtu anayepitisha muda, kulikuwa na nini wiki zile. "Likizo," akajibu bila kuinua kichwa.

Nilirudi kwenye kamati na nakala za kurasa za aina zote mbili, nikaziweka mezani kando kwa kando. Mama makini ndiye aliyezitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Mzee hakuvua miwani siku ile.

Tangu hapo, anayeniletea pendekezo nimsaidie kuliandika, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufuta sifa. Mchapakazi, mnyenyekevu, mzalendo, mwenye upendo, nguzo ya jamii: kalamu nyekundu zote. Msomaji wa kamati anakutana na wazalendo kuanzia asubuhi hadi jioni, akifika faili la kumi neno hilo limekufa. Mpe tendo. Alifanya nini, lini, kwa nani, nini kilikuwa kinatokea kabla yake na nini kikaacha kutokea baada yake. Nani mwingine aliona? Uingereza huhitaji barua za kuunga mkono angalau mbili kutoka kwa watu wanaomfahamu mhusika, na kwa maoni yangu barua bora kamwe haitoki kwa mkubwa wake. Mkubwa huandika kwa uangalifu, anapima kila neno lisije likamrudia. Aliyehudumiwa hana cha kupima. Yule mama wa karatasi ya daftari alikosea tahajia nusu ya ukurasa, na nilikataa katakata isisahihishwe.

Kuna na upande mwingine, ambao ningeupita haraka lau usingekuwa wa kweli. Mfanyabiashara mmoja alitutembelea ofisini, akasifu kazi yetu, akasikitikia hali ya samani zetu, kisha akaahidi kutubadilishia meza na viti vyote. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mwaka ule. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi akalichukua faili lake na kuandika juu yake maneno mawili tu: "Amejitembelea mwenyewe." Waingereza walilipia somo hili kwa fedheha. Baada ya kashfa ya vyeo kuuzwa zama za Waziri Mkuu Lloyd George, walitunga sheria mwaka 1925 inayofanya kuuza nishani kuwa kosa la jinai, na mwaka 1933 dalali aliyeitwa Maundy Gregory alitiwa hatiani kwa sheria hiyo. Viti vyetu vilibaki vile vile, kimoja kinayumba hadi leo.

Lakini wanaojipendekeza hawanisumbui sana. Ni rahisi kuwatambua. Wanaonisumbua ni wale wanaokataa.

Kulikuwa na fundi wa mitambo ya maji, mtu wa makamo, ambaye mafuriko yalipoharibu mtambo aliishi humo na wenzake mpaka maji safi yakarudi kwenye mabomba. Ushahidi ulikuwa kamili: kumbukumbu za zamu, vipimo vya maji, barua kutoka hospitali iliyokuwa inategemea bomba lile. Faili lilipanda ngazi zote. Lilipokaribia juu, mhusika aliulizwa kimyakimya, kama ilivyo kawaida, iwapo atapokea akipewa. Akairudisha fomu na majina ya wenzake wote ameyaandika chini ya lake, mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kanuni hazikuwa na nafasi hiyo. Nishani ya utumishi hushuka kwenye shingo moja. Ziko nishani ambazo zimewahi kwenda kwa wengi kwa pamoja, kama msalaba wa George, ambao Uingereza iliupa kisiwa kizima cha Malta mwaka 1942 na huduma zake za taifa za afya mwaka 2021, lakini huo ni wa ushujaa na mambo hayo ni ya nadra hata huko. Tukamtuma mtu amweleze. Fundi akasema basi asante, jina lake liondolewe. Wapo waliomwona ana maringo. Nikawakumbusha Pierre Curie, mwanafizikia, ambaye alipotakiwa kupewa Légion d'honneur alijibu kwamba haoni haja hata kidogo ya kupambwa, bali ana haja kubwa ya maabara.

Pamoja na kumheshimu, mimi sikukubaliana na fundi yule, wala sikubaliani naye leo. Nilimwendea na kumwambia: "Kaka, ukikubali, sababu ya kutunukiwa inachapwa. Ndani yake tutaandika kwamba mliokesha mlikuwa wengi. Usipokubali hakitachapwa chochote, na baada ya miaka michache hakuna atakayejua kwamba mlikuwepo hata mmoja." Akanijibu kwamba wenzake wanajua, inatosha. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alishinda yeye, kwa sababu shingo ilikuwa yake. Lakini tazama kilichotokea: mtambo ule umefanyiwa ukarabati mkubwa tangu hapo, ukuta umepata bamba lenye majina ya waliokuja kuufungua, na la fundi halimo, wala la mwenzake yeyote.

Muda nao ni mwamuzi katili. Pendekezo la Uingereza huchukua kati ya miezi 12 na 18 mpaka jibu litoke. Kwetu ilitegemea mwaka. Nishani nyingi za utumishi ni za walio hai. Canada, kwa mfano, haipokei pendekezo la marehemu kwenye nishani yake kuu iliyoanzishwa mwaka 1967. Ukiunganisha mambo hayo mawili unaona hatari yake. Watu husubiri mtu astaafu ndipo waanze kumwandikia, halafu barua moja inacheleweshwa na mtu aliye safarini, saini nyingine inadaiwa, orodha ya mwaka inafungwa. Mwalimu mmoja wa watoto viziwi alifariki faili lake likiwa limebakiza barua moja ya kuunga mkono. Aliyetakiwa kuiandika alikuja msibani nayo mfukoni. Kwa hiyo ninapoulizwa wakati mzuri wa kupendekeza, nasema: mtu angali kazini, na waliomwona bado wanakumbuka tarehe.

Mkunga alipata. Daraja ya chini kabisa kwenye ngazi, ile ambayo magazeti huwa hayafiki kwenye majina yake kwa sababu nafasi imekwisha kwa wakubwa. Kuhusu hafla sina mengi. Jua, bendi, majina yanasomwa mbio mbio, kila mtu anapewa nafasi ya kupeana mkono mmoja na kupigwa picha moja. Alivaa viatu vya kuazima vilivyombana. Yule mama wa karatasi ya daftari hakualikwa, kwa kuwa kila mtunukiwa alikuwa na nafasi ya ndugu tu, na hilo bado linaniudhi.

Kilichonivutia ni kilichofuata. Wengi wakishavishwa huanza kuitwa kwenye kila harambee na kila ufunguzi, wakae viti vya mbele na kuombwa "maneno mawili". Wengine hupenda, wakaanza kuishi hapo. Mkunga alikwenda mara chache, kisha akagundua kwamba herufi za nishani anaruhusiwa kuziandika baada ya jina lake. Akachukua nakala ya barua aliyokuwa ameiandikia ofisi ya juu mara nyingi bila kujibiwa, ile ya paa linalovuja kwenye chumba cha kujifungulia, akaiandika upya neno kwa neno. Alichobadilisha ni sehemu ya saini tu. Mafundi walikuja kabla ya mwezi kwisha.

Akaandika nyingine kuhusu gari la wagonjwa. Hiyo ilichukua muda zaidi, na ilibidi aende mwenyewe na kukaa kwenye benchi la mapokezi akiwa ameivaa nishani juu ya sare ya kazi, jambo ambalo nadhani kanuni za mavazi haziliruhusu. Gari likaja, si jipya, lakini linawaka. Sasa ameanza kuandikia kuhusu mkunga wa pili, ili akienda likizo ule ukingo usibaki mweupe. Aliniletea rasimu niipitie. Niliisoma mara mbili nikitafuta sifa za kufuta na sikuipata hata moja: tarehe, majina, siku ya tatu, siku ya nane. Nikamrudishia kalamu yake nikamwambia aipeleke hivyo hivyo.